Acheni Kengele Ilie

Jumapili moja mwezi uliopita tulikutana vijana saba tunaojaribu kuandika, hapa Morogoro mjini, kusomeana kazi zetu kama ilivyo kawaida yetu. Mmoja wetu alisoma hadithi fupi ya dereva wa basi. Kijana huyo ana kipaji, tena kipaji hasa, na jina lake silitaji kwa kuwa bado tunaazimana vitabu. Katika hadithi yake basi linachelewa kutoka Msamvu, basi la kampuni pinzani limeshatangulia, abiria wananung'unika. Suka anavumilia mpaka Mikese. Hapo anainama chini ya dashibodi, anakata waya wa kile kidude kinachompigia kelele kila akizidisha themanini, anakanyaga mafuta mpaka chini, abiria wanashangilia, na jua linazama nyuma ya Milima ya Uluguru kana kwamba nalo limeridhika. Mwisho.

Tulipiga makofi. Nami nilipiga. Nilipofika nyumbani nikaona aibu, maana katika chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyewahi kukinyamazisha kidude hicho kwa mikono yangu mwenyewe.

Naandika haya kubishana na hadithi ile, na kubishana na wote waliosema baada ya makofi kwamba vifaa vya usalama kwenye magari ni upuuzi wa wazungu na maofisa, eti dereva kamili hahitaji kuambiwa kitu na mashine. Maneno hayo yalisemwa kwa raha sana, tena na watu ambao hakuna hata mmoja mwenye leseni.

Kwanza tuelewane kidude chenyewe ni kipi, maana wapo wanaokipanda kila siku bila kukijua. Kinaitwa VTS, yaani mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi. Ulianza enzi za SUMATRA, na tangu mwaka 2019 uko mikononi mwa LATRA. Kifaa kinafungwa ndani ya basi, kinapeleka habari za mahali basi lilipo na mwendo wake, na mwendo ukizidi kiwango kinapiga mlio ambao dereva anausikia na abiria wanausikia. Kuna pia kitufe ambacho dereva anatakiwa kukitumia kujitambulisha, ijulikane ni nani aliyeko kwenye usukani. Kiwango chenyewe si cha jana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inasema magari makubwa ya abiria na ya mizigo yasizidi kilometa 80 kwa saa, na kwenye makazi ya watu gari lolote lisizidi 50. Miaka hamsini sheria ilikuwa ikisema kimya kimya kwenye karatasi. Leo inasema kwa sauti ndani ya basi, watu wanaziba masikio.

Sasa nieleze kosa langu. Baada ya kumaliza kidato cha nne, na matokeo yakawa yale ambayo mtu hayatangazi, nilifanya kazi ya ukonda katika basi lililokuwa likipita hapa kwenda upande wa Ifakara. Kampuni siitaji. Siku hiyo tulichelewa kuondoka Msamvu. Bibi mmoja alipanda na kikapu cha ndizi, katoka Matombo asubuhi na mapema, anakwenda Mikumi kumwona mjukuu. Nilimkalisha kiti cha mbele, nyuma ya dereva, kwa kuwa miguu ilikuwa inamsumbua. Tulipoimaliza Sangasanga na kuanza kuitafuta Melela, suka akafungua mwendo na kile kidude kikaanza kulia. Kikalia, kikalia. Bibi akanivuta shati.

"Mjukuu wangu, hicho kinacholialia ni nini?"

Nikamjibu, "Ni simu ya dereva, bibi."

Suka akanitupia jicho kwenye kioo. "Dogo, mzibe mdomo huyo." Nikachomoa kipande cha sponji kwenye kiti kilichochanika, nikakishindilia pale sauti inapotokea, nikakizungushia selotepu. Kelele zikafa, ukabaki mlio mdogo kama wa nzi ndani ya chupa. Bibi akaegemea kiti chake, akashusha pumzi.

"Heri ameipokea," akasema.

Tulifika salama. Na hilo, ndugu msomaji, ndilo linalowapa masuka kiburi. Siku mia moja unaziba kengele, siku mia moja unafika, kisha unajiita bingwa. Ukiwauliza wazee walioendesha malori ya kabichi kutoka Mgeta, au Land Rover za kupandisha watu Kinole enzi za masika ya kweli, watakwambia: sisi hatukuwa na ABS wala kamera, na tuko hapa. Kweli wako hapa. Wale ambao hawako hapa hawaji kijiweni kusimulia.

Nirudi kwenye kiti cha bibi. Wenzangu wanabishana kana kwamba ugomvi huu ni wa watu wawili, dereva na mashine. Mashine inamdharau dereva, dereva anaionyesha mashine kazi. Ndivyo hadithi ya rafiki yangu ilivyojengwa, na ndiyo sababu ikatuvutia, maana kila mmoja wetu ana mkubwa fulani anayempigia kelele na angependa kumkatia waya. Lakini ndani ya basi wamo watu hamsini na ushee, na hao hawana usukani wala breki. Mtu akisema "dereva punguza", anaambiwa kama una haraka ya kufa ungepanda ndege. Akirudia, anaambiwa ashuke. Nimeyaona hayo, na kwa ulimi wangu huu nimeyasema. Kengele ile ndiyo pekee iliyokuwa ikisema kwa niaba yao bila kuogopa kushushwa Doma porini. Bibi wa Matombo hajui kusoma spidi kwenye dashibodi, na hata angejua, kiti chake hakimwonyeshi. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kumwambia kwamba maisha yake yanachezewa. Nikakiziba, tena nikamdanganya.

Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili. Kutoka Msamvu mpaka Dar ni kama kilometa 190. Ukienda 80 mfululizo, jambo ambalo halipo, unatumia saa mbili na dakika ishirini na kidogo. Ukienda 100 mfululizo, jambo ambalo ndiyo kabisa halipo, unaokoa chini ya nusu saa. Ondoa vibao vya 50, matuta, foleni ya Chalinze na ya Kibaha, utabaki na dakika za kunywea chai. Upande wa pili wa mizani ni huu: mwendo umeongezeka kwa robo, lakini nishati ya kugonga imeongezeka kwa zaidi ya nusu, maana inakwenda kwa mraba. Katika kilometa 100 kwa saa basi linameza karibu meta 28 kila sekunde. Ng'ombe akitokea, dereva anashtuka sekunde moja, meta 28 zimeshakwenda kabla mguu haujagusa breki. Ushujaa haupunguzi hata meta moja hapo.

Sasa hoja za wenzangu, maana sitaki niambiwe nimezikimbia.

Wa kwanza alisema vifaa vinamlegeza dereva. Hoja hii ina ukweli, tena ukweli uliopimwa. Miaka ya 1980 huko München, Ujerumani, walizifuatilia teksi, nyingine zikiwa na breki za ABS na nyingine hazina. Ilitegemewa zenye ABS zipate ajali chache. Hazikupata chache. Madereva walipojua wana breki nzuri, waliendesha kwa papara zaidi na kuwasogelea wa mbele zaidi; faida yote ya breki wakaila kwa mwendo. Rafiki yangu alisikia habari hii akapiga meza, umeona! Nimeona. Lakini tazama kilichotokea. Dereva alipewa nguvu ya ziada, akaitumia atakavyo. VTS haimpi dereva nguvu yoyote. Haimsaidii kupiga kona wala kusimama. Inafanya jambo moja tu, kusema mbele ya watu kwamba amezidisha. Kwa hiyo mfano wa München haunipingi hata kidogo, unanisaidia: ukifunga breki nzuri kwenye basi, funga na kengele, la sivyo breki itageuzwa kuwa ruhusa.

Wa pili alisema vifaa hivi vimetengenezwa kwa barabara za wenzetu. Hapa nakubali nusu. Siku hizi tunaletewa kutoka Japani magari ya mitumba yenye macho. Subaru walianza kuuza kwao mfumo wao wa kamera mbili, EyeSight, mwaka 2008. Toyota wakaleta Safety Sense mwaka 2015. Na tangu Novemba 2021 Japani imelazimisha magari madogo mapya ya kwao yawe na breki inayojifunga yenyewe gari likikaribia kugonga. Magari hayo yanazeeka, yanauzwa, yanashuka bandarini Dar, na mengine yanaishia kwetu. Chukua gari la namna hiyo upandishe nalo Mgeta kwa barabara ya Sangasanga kwenda Langali. Kamera inatafuta mistari ya barabara, mistari haipo. Ukungu umeshuka, kamera inajizima. Nyasi zinagusa bampa, sensa zinapiga kelele kama zimeona tembo. Mwanamke wa ndani ya redio anakuonya kwa Kijapani. Mtu akizima kifaa cha mistari katika barabara ambayo haina mistari, mimi sina ugomvi naye.

Lakini watu hawazimi hicho tu, wanazima vyote, au wanaviua bila kujua. Jiwe la lori linapasua kioo cha mbele, mwenye gari anapeleka gereji ya mtaani, kioo kinabadilishwa kwa bei ya kuelewana. Nyuma ya kioo cha kujitazamia kuna kamera, na kamera hiyo ikishatolewa inatakiwa irudishwe na kupimwa upya ielekee mahali pake hasa. Nilikuwapo siku fundi mmoja, fundi mzuri kwa mengine yote, alipoitazama akasema, "Bosi, hii si ya kurekodi tu? Tunaiacha." Akaibandika ikitazama angani. Taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, wakaifunika kwa stika ya timu. Mwenye gari leo anatangaza kila mahali kwamba breki za kamera ni uongo. Jamani! Umelipofua jicho, halafu unalilaumu halioni? Tunachokosa ni fundi aliyefundishwa na mwenye gari anayekubali kulipia kipimo. Hayo ni malalamiko dhidi yetu.

Na nisijifanye kwamba vifaa vingetuepusha na yote. Mji huu una makaburi yake. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya watu mia moja. Tarehe 18 Machi 2022 lori na basi viligongana Melela Kibaoni, watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba, mara zote mbili, lori lilikuwa likimkwepa mwendesha pikipiki. Kipo kifaa cha kusaidia gari linapokwepa ghafla, kinachokaba gurudumu moja moja ili gari lisizunguke. Ulaya wamekilazimisha katika magari madogo mapya yote tangu mwaka 2014. Sitasema kingeokoa roho ya mtu yeyote Msamvu au Melela. Sikuwepo, sijui lori lile lilikuwa na nini, na ndoo mkononi mwa mtu mwenye shida haina kengele. Nasema tu kwamba kila nikipita Melela naukumbuka ule sponji. Ndiyo barabara ile ile, na kosa langu nililifanya kilometa chache kutoka hapo.

Hoja ya tatu ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi, kwamba kufuatiliwa ni kudhalilishwa. Mwanamume mzima, miaka ishirini barabarani, kidude kinampigia kelele kama mtoto. Mbona rubani hadhaliliki? Ndege ikikaribia mlima, mashine inampigia kelele rubani mwenye nyota mabegani, inamwamuru apande juu, naye anapanda. Treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024 ilikuja na mfumo wa ishara unaoweza kufunga breki wenyewe dereva akipitiliza. Tumeipanda kwa ujiko, tumepiga picha, na sijamsikia mtu akimhurumia dereva wa treni kwamba amenyimwa uanaume wake. Kwa nini basi suka wa basi peke yake ndiye anayevunjiwa heshima? Nadhani ni kwa sababu sisi tumemwandika hivyo. Katika madaftari yetu suka ni simba, barabara ni pori, abiria ni mandhari.

Suka wangu hakuwa simba. Nitamsemea, maana baadaye tulizoeana. Asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu mara tatu na msimamizi wa basi: wenzako wamekupita, abiria wa njiani wote wamechukuliwa, hesabu ya leo utaileta na nini? Hakuwa na mkataba. Akikosa hesabu mara mbili kuna suka mwingine amekaa juu ya ndoo pale stendi anasubiri funguo. Siku moja, tukiwa tumelala Ifakara, aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema kile kidude kikiwa kizima, na tajiri anajua ni kizima, yeye analala usingizi. Tajiri akifoka anamjibu, "Bosi, VTS inaniona, watalifungia gari." Akawa ana kisingizio. Kikizibwa, kisingizio hakuna, anabaki yeye na simu. Kwa hiyo aliponiambia mzibe mdomo huyo alikuwa anatii kama mimi nilivyotii. Katika hadithi ya rafiki yangu anayekata waya ni mtu huru. Mimi niliyemjua alikuwa anamfungulia njia tajiri yake, na tajiri hakuwamo ndani ya basi.

Hapa ndipo lawama kubwa inapostahili kwenda. Kenya walifanya jambo zito Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki: matatu isiyo na kidhibiti mwendo cha kilometa 80 na mikanda ya abiria haikuruhusiwa barabarani. Watu walitembea kwa miguu siku kadhaa, magari yakafungwa vifaa. Baada ya miaka si mingi vidhibiti vingi vikachezewa, vikabaki mapambo, kwa kuwa aliyekuwa akiumia kwa kuvichezea ni dereva na siyo mwenye mali. Kwetu LATRA imeshayafungia mabasi yaliyochezea VTS, na hilo ni jema, kwa kuwa basi likilala uani anayeumia ni tajiri. Ningependa waende mbali zaidi: kuwe na kibao ndani ya kila basi kinachomweleza abiria, kwa maandishi makubwa, kwamba mlio huu ukiusikia maana yake ni hii, na usipousikia safari nzima huku miti inakimbia, piga namba hii. Wakati ule katika basi letu hakikuwepo. Ndiyo maana niliweza kumwambia bibi ni simu.

Mwanamke mmoja katika kundi letu, ambaye huwa hazungumzi sana, aliniuliza kama siogopi kuandika habari hizi, maana ni kukiri. Nikamwambia naogopa zaidi kuiacha hadithi ile ichapwe kama ilivyo. Vijana wataisoma kwenye siti za nyuma. Mmoja wao atakuwa konda.

Nimemrudishia rafiki yangu daftari lake. Sikumwambia abadilishe suka, wala Mikese, wala jua. Sentensi yake ya jua naionea wivu mpaka sasa. Nimemwandikia pembeni kwa penseli: kiti cha mbele, nyuma ya dereva, weka mtu mmoja mwenye kikapu cha ndizi. Waya ukishakatwa, mwandike anachokisema. Alilichukua, akasoma palepale amesimama, akauliza kwa nini ndizi. Nikamweleza. Akalikunja daftari akaliweka mfukoni, tukatembea mpaka Msamvu bila kuzungumza, na pale stendi akapanda basi la Dar la saa kumi, akakaa mbele.